Mshipi wa Mama Ngalula

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ambayo sijaisahau hata leo. Ilikuwa Jumamosi, mvua za mwaka zimeshakolea, nami nimesimama ukingoni mwa kijito cha mlimani, ufito wa kuvulia mkononi, macho yangu yakiona jambo ambalo moyo ulikataa kulikubali. Nitakuambia niliona nini. Lakini kwanza nikueleze nilifikaje pale na nani alinifundisha kuona, maana bila yeye nisingekuwa na kosa la kukusimulia, wala rafiki wa kumtaja akiwa hai.

Nchi hii ilikuwa inaitwa Zaire, na majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku. Mimi niliyebatizwa Josefu nikawa Kazadi tu, jina la babu yangu. Kazini tuliitana citoyen, yaani mwananchi, lakini kwenye kambi yetu ya wafanyakazi hapa Kolwezi mwanamume mzima alibaki tata, yaani baba, na mwanamke mzima alibaki mama. Baba yangu alikuwa ameletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mimi, kwa bahati ya shule, nikawa fundi mkerezaji wa chuma. Ukinipa kipande kilichopindika nilikurudishia kimenyooka hadi unashindwa kuona kilipoanzia kosa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sifa zilinipanda kichwani kabla ndevu hazijatimia kidevuni.

Rafiki yangu alikuwa Saidi. Wazazi wake walitoka upande wa Maniema, Waislamu, watu wa biashara na usafirishaji. Yeye aliendesha lori la mjomba wake, akileta mihogo na makaa kutoka njia ya Kasaji. Jumamosi akipita kule juu, alinichukua, tukateremka penye kijito kimoja kinachotoka uwanda wa Manika na kuanguka mawe kwa mawe kuelekea Lualaba. Sisi tulikiita Kasonge. Maji yake yalikuwa baridi na meupe hivi kwamba ungehesabu kokoto chini, na ndani yake mlikuwa na samaki wenye magamba ya rangi ya shaba, wembamba, wenye nguvu kupita ukubwa wao. Tulikuwa tunawaona wazi kabisa. Kuwakamata ndiko kulikotushinda. Tulitupa ndoano zenye minyoo, wakatawanyika. Tulirudi nyumbani na nguo zilizolowa na hadithi za kutungatunga.

Siku moja katika kiangazi, nikipanda ukingoni peke yangu, nilimwona mwanamke amepiga magoti kwenye majani, kilemba cha rangi ya udongo, mgongo umeinama. Nilidhani anasali, au ameugua. Nikaenda kwake kwa hatua ndefu, nimevaa shati langu jeupe la Jumamosi. Majini mbele yake vivuli vitatu vikaruka na kupotea chini ya mwamba. Akageuka polepole.

"Tata," akasema, "weye unatembea sawa treni ya Dilolo. Na ile treni angalau inapunguzaka mbio ikifika ku Kasaji."

Huyo ndiye Mama Ngalula. Nilimjua kwa uso, maana alikuwa mshonaji wa kambi ya pili kutoka yetu, mjane wa Kikasai aliyeshona sare za shule na nguo za kwaya. Lakini mkononi hakuwa na sindano. Alikuwa na ufito mrefu mwembamba wa vipande viwili, na mshipi mzito wa hariri uliokuwa unatangulia hewani na kubeba ndoano ndogo kama punje ya mchele. Kwenye ndoano hapakuwa na mnyoo. Palikuwa na inzi.

Inzi wa uongo, mwanangu! Alimfunga mwenyewe kwa uzi wa kushonea, manyoya ya kanga na nywele za mbuzi, akiibana ndoano kwa kibanio cha kuanikia nguo. Zamani alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mhandisi mmoja wa Ulaya, mtu aliyependa kuvua kwenye vijito. Mhandisi yule alimweleza kwamba huko kwao, kwenye maji baridi ya milima, huishi samaki wa madoa mekundu waitwao trauti, wajanja kama wanasheria, ambao hudanganywa kwa inzi wa manyoya tu. Huku hakuwapata hao, akajaribu kwa samaki wetu wa rangi ya shaba, wakakubali. Aliporudi kwao alimwachia Mama Ngalula ufito na mshipi. Watu walicheka: mwanamke ataupeleka wapi ufito? Yeye hakuwajali. Alikwenda majini.

Nilimwomba anifundishe. Alinitazama shati.

"Kwanza uvue ile shati. Na kwa miezi miwili hautashika kitu. Utaangaria."

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama kwelikweli. Jumamosi baada ya Jumamosi nilitambaa nyuma ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, magoti yakichubuka, huku wenzangu wakiwa kwenye bia na muziki. Na sijawahi, tangu siku hizo hadi leo, kumwona fundi wa kazi yoyote aliyenishangaza kama yeye. Sisi mafundi wa chuma tuna mashine, tuna vipimo. Yeye alikuwa na macho tu.

Kila alipofika, hakurusha mshipi. Alikaa. Alinyanyua jiwe majini, akaligeuza, akatazama vidudu vilivyoshikamana chini yake, kisha akachagua inzi anayefanana navyo. "Unapika mbele ya kujua mugeni anakulaka nini?" alikuwa akiniuliza. Alinifundisha kwamba samaki husimama akielekeza kichwa maji yanakotoka, kwa hiyo umwendee kutoka chini, mgongoni kwake. Kwamba kivuli chako kikimgusa, umeshamkosa. Kwamba ukikanyaga kwa kishindo, udongo unapeleka habari.

"Samaki iko na masikio ku mwili yote," alisema kwa Kiswahili cha kambini, ambacho ndiyo huitwa njo. "Na unaona ile povu? Kwenye povu inapita, chakula njo inapita. Tupa pale. Halafu uache. Usivute. Inzi wa kweli, nani anamuvutaka?"

Mkono wake ulikuwa ukienda nyuma, ukingoja, ukaja mbele, na mshipi ukajikunjua hewani bila sauti. Inzi akatua majini kama jivu linavyotua sakafuni. Nimemwona akimpitisha inzi chini ya tawi lililoinama kiganja kimoja juu ya maji, mara tatu mfululizo, bila kugusa jani.

Na alijua majira. Asubuhi za baridi za kiangazi, alipofika hakuharakisha, aliota jua kwanza. Samaki, alisema, naye anangoja maji yapate joto. Kwenye ukali wa mwezi wa kumi, maji yakiwa machache na jua linachoma, aliwatafuta chini ya maporomoko, maji yanakopiga na kupumua. Mvua za kwanza zikitia maji rangi kidogo, alifunga inzi mweusi na kuvua karibu kabisa na ukingo, maana hapo samaki hupata ujasiri. Lakini mvua zikikolea, alikuwa na sheria moja ambayo hakuisema kwa utani.

"Mayi ya mulima haikuyaka na mvua yenye unaona," aliniambia akinishika mkono. "Inakuya na mvua yenye hauone, kule juu. Apa jua inawaka, kule juu inanyesha. Ukiona majani mabichi inapita ku mayi, moja, mbili, tatu, ukiona povu inageuka rangi ya chai, haungoje. Unatoka. Unatokea ku upande yenye nyumba yako iko. Hata kama samaki ya maisha yako iko inakula mbele yako. Umesikia?"

Nilisikia. Masikio hayakuwa na tatizo.

Ilipofika mwaka wa pili, nilikuwa navua. Si kama yeye, lakini navua. Na kichwa kikaanza tena. Nilimsimulia Saidi kila wiki. Saidi alikuwa anakaribia kuoa, harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja, na akasema kabla hajawa mume wa mtu anataka kuona kwa macho yake huu uchawi wa inzi wa manyoya. Nikamwomba Mama Ngalula. Hakupenda. Mvua zilikuwa zimekolea. Lakini siku mbili zilikuwa zimepita bila tone, akakubali, kwa sharti.

"Saidi ni mugeni ya mayi, na hajue kuogelea. Weye njo macho yake."

Nikasema ndiyo, mama. Kirahisi namna hiyo.

Tukaenda na lori, tukaliacha juu ya njia, mwendo wa dakika tano kutoka kijitoni. Jua lilikuwa linawaka na anga juu yetu safi. Mama Ngalula akapanda kwenda kwenye vidimbwi vya juu, kona moja kutoka kwetu. Mimi nikamweka Saidi juu ya mwamba bapa katikati ya kijito, penye dimbwi kubwa. Maji yalikuwa hadi magotini tu alipovuka, akicheka na kukunja suruali. Alikaa pale kama sultani, ili aone vizuri. Mimi nikabaki ukingoni, upande wa njia.

Ndipo nikamwona yule samaki.

Alikuwa chini ya ukingo wa pili, mahali povu lilipojikunja. Alipanda, akafungua kinywa, akameza kitu, akashuka. Mgongo wake ulikuwa mpana kama kiganja changu. Mama Ngalula mwenyewe hakuwahi kumtoa wa namna ile. Nikarusha, nikakosea kidogo. Hakuogopa. Akapanda tena.

Jani la kwanza likapita. Jani bichi, lenye kikonyo chake. Nililiona, mwanangu. Nikajiambia ni upepo.

Nikarusha tena. Majani mawili yakapita pamoja, na kijitawi. Nikajiambia mara moja tu, nikimpata huyu tutatoka. Saidi akaniita: "Kazadi, iko wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Ukingo wa povu ukaanza kugeuka, kwanza kama mtu aliyetia tone moja la chai kwenye maziwa. Niliona na hilo. Samaki akapanda kwa inzi wangu, akamgusa kwa pua, akashuka. Nikasema: mara ya mwisho.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ndege walikuwa wamenyamaza bila mimi kujua. Kisha nikasikia sauti kama lori linalomwaga mchanga, na maji yakatokea kwenye kona, mekundu, yamebeba matawi. Nikapiga kelele: "Saidi, vuka!" Alisimama, akatia mguu, mguu ukachukuliwa, akaanguka na kushika mwamba kwa mikono miwili. Akapanda tena juu yake. Muda wa kufumba na kufumbua, kile kijito cha magotini kilikuwa mto, na mwamba wa rafiki yangu umebaki ukubwa wa meza.

Niliingia hadi kiunoni. Maji yakanitupa ukingoni kama tambara. Nikaingia tena. Safari hii mkono ukanishika kola ya shati na kunirudisha.

Alikuwa Mama Ngalula. Aliona majani kabla yangu huko juu, alikuwa ameshatoka majini anakimbia kuja kutuambia. Hakunitukana. Alitazama mwamba, akatazama maji, akatazama miti.

"Kamba ya lori," akasema. "Ile munene, na ile ndogo ya turubai. Kimbia."

Sijawahi kukimbia hivyo. Niliporudi na kamba, maji yalikuwa yanalamba miguu ya Saidi. Nilichukua ile kamba nene nikairusha kwa nguvu zangu zote. Ikaanguka nusu ya njia, ikafagiliwa. Nikarusha tena. Matawi juu yetu hayakuniachia nafasi ya kuzungusha mkono, na kamba ilishalowa, nzito kama chuma. Saidi alikuwa anasoma dua kwa sauti. Alikuwa anamtaja mama yake.

"Acha," akasema Mama Ngalula.

Alikuwa ameketi chini, meno kwenye uzi. Aliitoa ndoano ili isimchome mtu, akafunga pale kijiti kidogo. Akavuta mshipi wote wa hariri kutoka kwenye kigurudumu cha ufito ulikozungushiwa, akaukata mwisho kwa mkasi wake wa kushonea, akaufunga kwa kamba ya turubai, na kamba ya turubai akaifunga kwa ile kamba nene. Vidole vyake havikutetemeka. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye matope, chini ya matawi, kama siku ile ya kwanza nilipodhani anasali.

"Saidi!" aliita. "Mwana yangu, usinitazame mi! Angaria mushipi! Ukikugusa, shika!"

Mkono ukaenda nyuma, ukangoja. Ukaja mbele. Upepo wa maji ukauchukua mshipi, ukaanguka kando. Akaurudisha bila haraka. Mara ya pili ulipita juu ya kichwa cha Saidi, akaurukia, nusura adondoke. "Usiruke!" akamwambia. "Mi nitakuletea." Na mara ya tatu, mwanangu, ule mshipi ulijikunjua chini ya matawi, juu ya yale maji mekundu, taratibu kana kwamba alikuwa na siku nzima, ukatua begani kwa Saidi.

Akaushika. Akavuta hariri, ikaja kamba ndogo. Akavuta kamba ndogo, ikaja kamba nene. Akajifunga chini ya makwapa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuivuta upande wetu, na Mama Ngalula akanipiga mkono.

"Usivute kinyume ya mayi! Utamuzamisha. Funga ku muti. Umuache, mayi yenyewe itamuleta pembeni, sawa inaletaka inzi."

Tukaizungusha kamba kwenye shina la mti lililo juu ya ukingo wetu. Saidi akafumba macho, akajiachia. Maji yakamchukua, kamba ikakazika, ikalia, na mto wenyewe ukamzungusha kama mlango unavyozunguka bawaba zake, hadi akagonga ukingo chini yetu, na nikamtoa kwa nywele na kwa shati. Alitapika maji. Alikuwa mzima. Mshipi wa hariri ulikuwa umeenda na mto.

Laiti kisa kingeishia hapo. Ningekuambia umheshimu mwenye ujuzi, tukaagana. Lakini kosa langu kubwa halikuwa limefanyika bado.

Ndani ya lori, Saidi amejifunika turubai, meno yakigongana, akaniuliza: "Kazadi, ile mayi ilitokea wapi? Jua ilikuwa inawaka." Na mimi nikajibu, "Ilikuja ghafula tu. Hakuna mtu angeweza kujua."

Mama Ngalula alikuwa ameketi kati yetu. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilihisi ananitazama upande wa uso. Nikaongeza mwendo hadi Kolwezi.

Tulipomfikisha Saidi kwao, nilimsindikiza Mama Ngalula kwa miguu hadi mlangoni kwake, nimebeba mfuko wake. Pale mlangoni akageuka.

"Uliona majani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale. "Niliona, mama."

"Na povu, ilipogeuka?"

"Niliona."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Alisema kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo iliniingia kuliko ngumi.

"Mutu asiyejua, mayi ikimupiga tunamusikitikia. Weye nilikupa macho. Macho ikakuambia, na weye ukaambia macho inyamaze. Ile ni moja. Ya pili njo mubaya zaidi. Saidi anajua sasa ya kama mayi haina alama, inauaka tu. Mutu anayefikiri mayi haina alama, hataziangaria alama. Siku moja atapeleka bibi yake na batoto yake pale pale. Leo mi nimemutoa ku mayi. Weye umemurudisha, na mudomo."

Akachukua mfuko wake, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, nilimkuta Saidi anaosha lori. Nikamweleza yote: majani, povu, samaki. Sikujitetea. Aliendelea kusugua gurudumu muda mrefu. Kisha akauliza, bila kunitazama: "Samaki, ulimupata?" Nikasema hapana. "Basi toka hapa, Kazadi."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wiki tatu hakunisalimu. Akipita na lori alitazama mbele. Kazini niliharibu vyuma viwili, kitu ambacho hakikuwahi kunitokea. Nilikwenda kwa Mama Ngalula kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Hakunifukuza. Aliniwekea mbele yangu vibunda vya uzi wa hariri na akanionyesha jinsi ya kusuka: nyuzi nyingi pale kati, chache kuelekea ncha, kisha kupaka nta ya nyuki kwa vidole hadi iingie. Mshipi wa Ulaya haukuwepo tena dukani. Tungeutengeneza. Nilisuka kila jioni baada ya kazi, nikifumua kila nilipokosea, na alikuwa ananifanya nifumue sana. Yeye alishona sare, mashine ikilia, na mara nyingine aliniambia habari za marehemu mumewe. Hakuwahi kuugusia tena mto. Wala hakumsimulia jirani hata mmoja kwamba aliokoa mtu. Habari zilipoenea, zilitoka kwa mama yake Saidi, aliyekuja na kuku wawili na machozi, na Mama Ngalula akamwambia, "Mama, mwana yako njo aliyeshika. Mi nilitupa tu."

Wiki moja kabla ya harusi, nilitoka kazini nikamkuta Saidi kwenye geti. Alikuwa ameegemea lori, mikono imekunjwa.

"Zile alama," akasema. "Nionyeshe."

"Lini?"

"Kiangazi, mayi ikipungua. Na zingine unieleze leo. Mi napita ile njia kila wiki, Kazadi. Nataka kujua." Kisha akafungua mlango wa lori. "Na ku harusi utakuya. Mama amesema usipokuya atakutafuta na fimbo."

Nilipanda. Njia nzima hadi kwao nilimweleza alama moja moja.

Mama Ngalula alivua hadi magoti yalipokataa. Saidi alijifunza kusoma maji kuliko mimi, maana aliyekaa juu ya ule mwamba hahitaji kuambiwa mara mbili. Na mimi nimezeeka nikijua jambo moja kwa hakika, ambalo ndilo nililokuitia.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini haitoshi, mwanangu. Mimi nilikuwa na macho, na yalikuwa yamefundishwa na fundi asiye na mwenzake, na yaliona. Watu wengi wanaoangamia hawakukosa kuona. Waliona wakasema mara moja tu, nikimpata huyu nitatoka. Utaliona jani la kwanza kwenye ndoa yako, kwenye kazi yako, kwenye mwili wako mwenyewe. Likipita, usilitafutie upepo wa kulisingizia. Toka majini. Samaki wapo kesho pia.

Ukikabidhiwa mtu, awe mgeni, awe mtoto, awe rafiki asiyejua kuogelea, jua kwamba macho yako si yako tena hadi umrudishe kwao. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema ulichokiona. Sema mapema, hata kama utafukuzwa uani. Uongo hauishii kukufichia aibu yako, unamwacha mwenzako kipofu mahali ambapo wewe unaona. Na ukimpata wa kukufundisha, usimpime kwa mavazi wala kwa kazi anayoitwa nayo. Mimi mwalimu wangu alikuwa mshonaji aliyepiga magoti kwenye matope, na sijawahi kukutana na mkubwa kuliko yeye.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yanayoona mbali, na miguu inayoyatii. Akupe rafiki wa kukusamehe na mzee wa kukukemea kwa sauti ndogo. Na siku maji yatakapokuzunguka, maana hakuna asiyezungukwa, akupe mtu ukingoni mwenye mkono usiotetemeka, na wewe siku ya mwenzako uwe mtu huyo.